Mwenyeji Aliyekataa Kuuliza Njia

Mtoto wangu alikuwa na miezi minne na hakuwa ameonja kitu ila maziwa yangu. Tulimwacha kwa mama mkwe kule Wusi asubuhi na mapema, tukaenda kupanda mlima, tukiahidi kurudi kufikia saa nne. Saa nne ilikuwa hesabu ya mume wangu. "Huu mlima ni wetu," akasema. "Babu yangu alilima pale juu."

Babu yake, sawa. Yeye amelelewa Voi mjini. Mlima alikuwa akiuona akiwa barabarani.

Kwenye shamba la mwisho, mama mmoja aliyekuwa akikatia ng'ombe nyasi alituuliza kama tunajua njia. Mume wangu akacheka, tukapita. Mwanamume wa hapa akiuliza njia ya mlima wa kwao atachekwa mpaka sokoni Wundanyi. Tulikuwa na chupa moja ya maji, sweta hakuna, na simu moja yenye chaji kidogo.

Kileleni alijipiga picha. Ukungu ukapanda, na punde si punde sikuona hata viatu vyangu. Ramani ya simu ikagoma.

"Tufuate maji," akasema. "Yatatushusha nyumbani."

Tulifuata kijito karibu saa nzima, mpaka kikaanguka kutoka ukingo wa jabali. Nikatupa jiwe. Sikulisikia likitua. Blauzi yangu ilishalowa maziwa, na kila nilipomfikiria mtoto yalizidi kutoka.

"Songa kidogo, nadhani kuna njia hapo kando."

"Unadhani? Baba mtoto, mimi sisongi hata hatua moja. Piga kelele."

"Watu watasikia."

"Si ndiyo maana, jamani!"

Nikapiga mimi, vile tulivyofundishwa utotoni: unaita, unanyamaza, unasikiliza, unaita tena. Sauti ilinikauka kabla mwanamke hajajibu kutoka juu: "Kaeni hapo hapo! Msishuke!"

Alikuwa yule mama wa nyasi. Akatufikia kwa kufuata sauti yangu, panga mkononi.

"Hiki kijito kila mtu anakijua kinaua. Ninyi ni wageni?"

Mume wangu akajifanya anapangusa simu.

"Yeye ni wa hapa," nikasema. "Ndiyo maana tumepotea."

Alituongoza kushuka, tukafika kwa mama mkwe saa tisa alasiri. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imebaki mkwaruzo tu. Nilimnyonyesha nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa sikuweza, nikizunguka na viatu vya matope sebuleni kwa mama mkwe, na hakuna aliyethubutu kuniambia nivivue.