Askari wa Plastiki wa Nyamirambo

Niliondoka kwangu Lusahunga kwa sababu kaka yangu Ramadhani alikuwa amesusa chakula cha mkwewe huko Kigali. Habari hiyo aliniletea dereva wa lori, mmoja wa wale wanaokula kwangu wakipeleka mizigo Rwanda. Alisema mzee amefunga sanduku lake, anangoja gari la kumleta kwangu akae moja kwa moja. Nikauliza kisa ni nini. Akasema wanasesere. Nilimwambia arudie, nikidhani ni usingizi unaosema. Akarudia: wanasesere wa plastiki, askari.

Sasa mimi chumba cha kumweka mzee anayenuna sina. Na binti yake, Mwajuma, angebaki na aibu kwa majirani kwamba baba amemkimbia. Nikafunga kibanda changu cha chakula.

Alfajiri nilipanda lori lilelile. Kilikuwa kiangazi cha mwaka tisini, kabla ya vita vya Rwanda, barabara bado iko wazi. Mpaka Rusumo ni vumbi tu, na vumbi sitawasimulia, mnalo. Rusumo kuna daraja, na chini yake maji yanaanguka kwa kelele hata afande wa mpakani anakuuliza jina mara mbili. Ukishavuka, magari yanahamia upande wa kulia. Dereva wangu alihama huku anatafuna muwa, kama si kitu. Mimi nilishika kiti kwa mikono miwili mpaka Kibungo.

Nyabugogo, ndiyo stendi ya Kigali, tulifika jua likielekea vilimani. Kondakta wa basi dogo aliniita "mukecuru", yaani bibi kizee kwa lugha yao, akataka kunibebea kikapu. Nikamwambia kizee hajaomba msaada. Akacheka, akanipeleka kwenye gari la Nyamirambo.

Nyamirambo ni mtaa wa Waislamu wengi, wa mafundi cherehani na mishikaki. Kiswahili unakisikia kila mlango, ingawa ni kile cha iko, iko, iko. Nyumba ya Mwajuma imekaa mteremkoni. Ukiangusha chungwa mlangoni, ukaliokote bondeni. Mwajuma alinipokea kwa machozi na chai ya maziwa. Kaka yuko chumbani, amekaa juu ya sanduku. Mkwe, Isa, fundi nguo, yuko barazani na cherehani yake. Katikati yao, sebuleni, meza, na juu ya meza ndio hao askari.

Nilikuja nimejiandaa kumgombeza mtu mzima anayechezea wanasesere. Nikainama kuwatazama. Mtu urefu wa kidole, lakini vifungo unaviona, mkanda unauona, hata mikunjo ya suruali. Isa alinieleza kwamba Mzungu mmoja wa Kiyovu, mtaa wa matajiri, ambaye yeye Isa alikuwa akimshonea suruali, alipohama alimwachia maboksi hayo, pamoja na vikopo vya rangi. Isa akaamua kuwageuza wawe kikosi cha baba mkwe, wale waliokwenda Burma katika vita vya Mwingereza, ili awape heshima siku ya Idi ya kuchinja, wageni wakija.

Kwanza aliwapaka kaki. Kaka akatazama, akasema, "Hawa si sisi." Isa akawapaka kijani. Hawa si sisi. Isa akawatengenezea kofia pana zilizokunjwa upande mmoja, kazi ya majuma. Hawa si sisi. Isa alipowabadilisha tena, kaka akaona anachezewa, akasukuma sahani.

"Kwani hukumuuliza umekosea wapi?" nikasema.

Isa alinitazama kama nimemtukana. "Shangazi, mimi iko mkwe. Nitauliza baba mkwe namna gani?"

Hapo alikuwa na haki. Hata kwetu mkwe anasikia na kufuata. Akiwa na swali, anatafuta wa kumpelekea. Mwajuma alijaribu, baba akamwambia maneno ya mumewe ayapeleke jikoni. Nikaingia kwa kaka. Naye analalamika hivyohivyo: kijana haulizi, anabadilisha nguo tu, anadhani vita ni harusi.

Asubuhi, baada ya swala, niliweka kigoda mlangoni pa chumba, kaka huku, Isa kule, wote wananisikia na wote wanasikiana. Lakini ilibidi nirudie.

"Isa anauliza kofia."

"Mwambie kofia ni sawa."

"Kofia ni sawa."

"Nimesikia, shangazi."

Rangi? Rangi ni nzuri kuliko zao wenyewe, maana zao zilioza mgongoni. Nikaingiza langu: wale wamevaa buti, na kaka nakumbuka aliondoka nyumbani peku. Kaka akasema aliondoka peku, akapewa buti huko huko, na kama sijui ninyamaze. Nikachoka.

"Basi ni nini, Ramadhani? Sema nirudi kwangu."

Aliinuka juu ya sanduku. Kisha akatoka na fimbo yake, akainamia meza.

"Zainabu, nionyeshe asiyepiga risasi."

Nikatafuta. Hayupo.

"Wote wanapiga, na wote ni watu wachache wamerudiwarudiwa. Sisi tulitembea. Matope mpaka magotini, mizigo kichwani mpaka shingo inazama mabegani. Karimu alikuwa mrefu, mzigo wake unagonga matawi, maji yote yananimwagikia mimi niliye nyuma. Nilimtukana kila siku. Tulimwacha kule, kaburini. Sasa yuko wapi Karimu hapa?"

Nikageuka nimpelekee Isa maneno. Isa alikuwa ameshasimama nyuma yangu.

Alikwenda kuchukua birika jikoni. Akamzamisha askari mmoja kwenye maji ya moto, plastiki ikalegea, akampandisha mikono juu. Bunduki akaikata kwa wembe. Mzigo akaufanya kwa kitambaa na uzi. Miguu akaiongezea kipande cha mwenzake. Siku zote alikuwa akifuata picha ya kwenye boksi, na boksini hakuna mtu anayebeba kitu kichwani. Waliotengeneza hawajabeba.

Kaka alimshika yule mrefu karibu na jicho lake moja linaloona. "Mwambie Isa mzigo uende mbele kidogo," akasema. Nilifungua mdomo. "Mbele kidogo," akamwambia Isa mwenyewe.

Siku ya Idi kikosi kilikuwa njiani pale mezani, mmoja nyuma ya mwingine, hakuna wawili wanaofanana. Kaka alikula pilau sahani moja na mkwewe. Nguo zilikuwa zimetoka sandukuni.

Siku ya kurudi, Mwajuma peke yake ndiye aliyenisindikiza. Wanaume walikuwa mezani wanabishana juu ya sajini wa Burma aliyechechemea.

"Mguu wa kushoto!"

"Baba, ile siku ulisema iko kulia!"

Mkwe anambishia baba mkwe, na mtaa unasikia. Mwajuma aliona haya, akataka kurudi kuwanyamazisha. Nikamshika mkono nikamwambia awaache.

Mtaniuliza nimejifunza nini huko. Heshima ya kunyamaza nimewafundisha wanangu, na kwangu bado naitaka. Lakini nimeona watu wawili wanaopendana wakinyamaziana kwa heshima mpaka mmoja anafunga sanduku. Kelele zile zilinifuata hadi kona ya msikiti, nikapanda gari moyo umetulia.