Upepo Haumo Kwenye Kadi

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote kwamba, kuanzia tarehe mosi Machi 2014, kila mtu atafanya kazi iliyoandikwa kwenye kadi yake na si nyingine, na kwamba masuala ya ufundi yatashughulikiwa na mafundi peke yao. Tangazo lilibandikwa juu ya birika la chai, mahali ambapo hakuna awezaye kudai hakuliona, katika gereji moja ya Al Quoz, Dubai, yenye mafundi sita na viyoyozi viwili, kimoja kizima.

Kadi ya Rama, mtu wa Korogwe, ilisema: mwosha magari. Magari ya jangwani huoshwa kwanza, mafundi wasile mchanga, kwa hiyo Rama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyagusa. Alikuwa na mazoea yake ya miaka minne: kabla ya kufungua maji hupima matairi na kuyajaza upepo mpaka paundi thelathini na tano. Hakuna aliyemtuma. Aliamini tu kwamba gari lenye tairi laini, hata ulisugue vipi, linaonekana limefiwa.

Mteja aliyewasumbua mwaka ule ni Bwana Ghanim. Alikuwa na nyumba ya magurudumu, yenye jiko, vitanda na kochi la ngozi, na nyuma yake alifunga kwa chuma gari dogo la kuchezea mchangani, likivutwa huku magurudumu yote manne yakitembea barabarani. Kila Jumamosi akirudi kutoka jangwani, gari hilo la nyuma lilianza kutetema, usukani usio na mtu ukijipiga kushoto na kulia kama binti anayekataa posa. Kila Jumapili asubuhi alilileta gereji likivutwa vivyo hivyo.

Kesi alipewa Hudson, fundi Mganda, ambaye kitanda chake kilikuwa juu ya kile cha Rama. Jumapili ya kwanza alibadilisha tairodi. Ya pili, boljointi. Ya tatu, shokapu ya usukani. Kila alipolivuta barabarani kulijaribu, kabla ya kulifungua na baada ya kulifunga, gari lilitulia kama mtoto mbele ya wageni. Hata hivyo alibadilisha kitu, maana fundi asiyebadilisha kitu huonekana amelala.

Mara ya tatu meneja alimwita. Sulaiman alizaliwa Dubai, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake wa Unguja, na hata kufukuza watu alifukuza kwa upole.

"Hudson, mie nakwambia kwa uzuri. Arbab, mwenye gereji, keshasema: gari hii ikirudi tena, we unarudi kwenu. Khalas."

"Lakini bosi, hii gari haina ugonjwa."

"Basi mgonjwa ni Bwana Ghanim. Nenda kamwambie."

Hudson hakwenda.

Jumapili ya nne gari lilirudi. Rama akachuchumaa kwenye tairi la mbele, akasoma geji: paundi kumi na tano. Jumapili zote ilisoma hivyo hivyo, naye alijaza bila kuwaza, kwa kuwa waendao mchangani hupunguza upepo tairi lisizame, kisha hujaza wakifika lami. Safari hii alikitazama kile chuma, bado kimefungwa, akajiuliza Bwana Ghanim huwa anajazia wapi. Hajazi. Analivuta hivyo hivyo mpaka hapa, Rama anajaza, halafu Hudson anatafuta ugonjwa uliokwisha kuponywa getini.

Akaenda ofisini. "Bosi, lile gari la Bwana Ghanim..."

"Rama. Tangazo umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Kadi yako yasemaje?"

"Kuosha."

"Basi kaoshe, baba. Ufundi una wenyewe."

Angeweza kumnong'oneza Hudson, lakini neno la Hudson siku hiyo lilikuwa halimfikishi popote. Ilibidi Sulaiman, ambaye safari hii angekwenda mwenyewe kulijaribu, aone kwa macho yake. Rama akaamua kutii. Kadi ilisema kuosha, haikusema kujaza. Akaurudisha mpira wa kompresa ukutani, akaliosha gari likang'aa, likiwa limekaa chini juu ya paundi zake kumi na tano.

Hudson alishika usukani wa ile nyumba, Sulaiman kando yake na faili la Hudson mapajani. Hawakufika mbali. Kwenye kioo gari dogo lilianza kutetema, likicheza ngoma ya mdumange. Walisimama. Hudson akashuka, akalizunguka, akalipiga teke tairi la mbele, likabonyea.

Waliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Rama.

"Wewe, hizi matairi leo hukujaza?"

"Si kazi yangu, ssebo. Soma ukutani."

"Na zile siku zingine?"

"Nilijaza."

"Mimi nimebadilisha shokapu nzima, wewe mtu."

"Nilikuona. Uliifunga vizuri."

Wakajaza, wakalivuta tena, likatulia. Bwana Ghanim alipoelezwa aliuliza, kwa mshangao wa kweli, gari lisilobeba mtu linataka upepo wa nini. Sulaiman alirudisha faili kabatini, na habari ya Hudson kurudi kwao haikutajwa tena.

Tangazo liliendelea kukaa juu ya birika, na baadaye likatiwa kioo. Bwana Ghanim akifika Jumapili hapitii tena ofisini. Huegesha penye kuoshea na kumngoja Rama.