Trekta la Dereva

Mtaa mzima ulimwita Mume wa Dereva, naye aliitika. Mwanamume mwenye ufundi wake, aliyepaka rangi magari ya wakubwa na mageti ya shule kwa miaka arobaini, eti aitwe kwa kazi ya mkewe! Wenzake wa gereji walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mkewe aliendesha trekta la ushirika, akalima mashamba ya watu misimu thelathini na moja, na ushirika ulipovunjika trekta likabaki uani kwao kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyeweza kuliwasha bila kulitukana.

Tangu Dereva afariki, mwaka na miezi sasa, watu walianza kumwita Mzee Rangi. Walifanya hivyo kwa huruma, wasimtoneshe kidonda. Hawakujua kwamba lile jina la zamani alikuwa analitamani. Siku nyingine alikwenda dukani kununua sabuni asiyoihitaji, akasimama pale akipiga soga zisizo na kichwa wala miguu, akingoja labda mtu mmoja ajisahau. Hakuna aliyejisahau.

Wengine wakifiwa hulia, wengine hunywa. Huyu alipaka. Alipaka viti, akapaka rafu za jikoni, akapaka mlango wa stoo mara tatu kwa rangi tatu, hadi jirani akamtania kwamba akikaa naye karibu atapakwa yeye. Kazi ikiisha alijipakulia chakula, akala amesimama hapo hapo jikoni, maana kukaa mezani peke yake kulimfanya asikie anavyotafuna.

Kitu kimoja tu hakukigusa, nacho ni trekta. Dereva alikuwa amempiga marufuku tangu mwanzo. "Paka nyumba, paka kuku, ukipenda nipake na mimi," alikuwa akimwambia. "Trekta langu liache." Lilikuwa la buluu siku lilipokuja. Sasa boneti ilikuwa imepauka na jua, kutu imekula pembeni mwa taa, na juu ya madigadi ya kushoto palikuwa na sehemu iliyochubuka kabisa mpaka chuma, ikang'aa. Ilikuwa na upana wa kiganja. Hapo ndipo Dereva alipokuwa akiegemeza mkono kila alipogeuka kutazama plau nyuma yake.

Basi mkuu wa chuo cha kilimo akaja kumtembelea. Alilizunguka trekta mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mzee wangu, chuo kinatimiza miaka hamsini," alisema. "Tunalitaka hili likae ukumbini, na jina la mama liandikwe chini yake. Ila lipigwe rangi. Wageni hatuwezi kuwaonyesha kutu."

"Na nisipolipiga?"

"Basi libaki kwako, tutafute lingine. Fikiria, una wiki mbili."

Alifikiria mpaka usingizi ukampaa. Akilipaka, jina la mkewe litasomwa na watu wasiohesabika, na yeye atapata mwezi mzima wa kazi ya maana. Lakini kupaka ni kukwangua kwanza. Ile alama ya kiganja angepaswa kuipiga msasa kwa mkono wake mwenyewe, aizibe na puti, ailainishe, na akishamaliza hata yeye asingejua ilikuwa wapi. Hiyo ndiyo sifa ya fundi mzuri.

Binti yake, anayeishi mbali na ana watoto wake, alimpigia simu. "Baba, lipake tu. Utachangamka. Linakukalia hapo uani unaliangalia siku nzima."

"Nitaona, mama."

Siku ya tisa alipiga moyo konde. Halipaki. Libaki hivyo hivyo, na yeye abaki nalo. Aliposema hivyo kwa sauti, peke yake uani, alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ila aliona si vizuri liachwe liliwe na kutu, akaamua alipake mafuta ya kulikinga tu, yasiyo na rangi.

Akafunga aproni. Akachanganya mafuta kwenye kopo, akachagua brashi laini, akaanza na madigadi ya kushoto, upande wa ndani, palipokuwa na tope kavu la miaka. Alilikwangua tope taratibu kwa kijiti. Kisha mkono wake ukaenda kwenye thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi na mafuta, ukalowesha kitambaa, ukafuta. Haukumuuliza. Miaka arobaini mkono huo haujawahi kupaka chuma chochote bila kukifuta kwanza kwa thina, na hata siku hiyo, akili ikiwa imeamua jingine, wenyewe uliendelea na ratiba yake. Alikuwa hata anapiga mluzi.

Alipokigeuza kitambaa apate upande safi, akaona wekundu.

Trekta ni la buluu. Akakitazama kitambaa, akainama chini ya madigadi. Palikuwa na mistari midogo myekundu, imepangwa mitano mitano, na mingi ilikuwa imeshageuka kuwa doa la waridi linalochuruzika. Rangi ya kucha! Sasa ndipo alipokumbuka: kila msimu ulipokwisha, Dereva alikuwa akipiga magoti hapo na kichupa cha binti yao, anachora mstari mmoja, kisha anainuka akijipangusa tope. Yeye alimcheka kwa jinsi alivyoshika ile brashi. Na rangi ya kucha, fundi yeyote anajua, haihimili thina hata kidogo.

Alihesabu iliyobaki. Mistari tisa.

Alikaa chini, akashika tama, thina ikimuwasha vidole. Kisha akampigia binti yake.

"Nimemfuta mama yako," alisema.

"Baba! Unasema nini?"

Akamweleza. Upande wa pili watoto walisikika wakigombania kitu.

"Baba, pole," binti alisema hatimaye. "Lakini si ni rangi tu?"

Hakuwa na nia mbaya, na baba yake alijua hivyo. Neno hilo lilimchoma hata hivyo, tena palepale panapouma.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni rangi tu. Wasalimie watoto."

Asubuhi aliamka na wazo kwamba lile doa linaweza kulainishwa. Kidogo tu, pembeni, lisionekane baya. Baadaye angenunua kichupa chekundu, ile mistari ishirini na miwili iliyofutika airudishie mwenyewe, inyooke kuliko ya kwanza. Alikuwa ameshachuchumaa chini ya madigadi, msasa mkononi, ndipo alipojishtukia. Alisimama kwa haraka hadi akajigonga kichwa. Hofu iliyompata ilikuwa hofu hasa, ya mtu aliyemkuta mwizi ndani ya nyumba na kumtambua. Angemmaliza mkewe kidogo kidogo, kwa mapenzi yote, kila siku akirekebisha kitu.

Akampigia mkuu wa chuo.

"Njooni mlichukue," alisema. "Leo, kama mna gari."

"Umeshapaka?"

"Sijapaka, na lisipakwe."

"Mzee wangu, tulizungumza. Ukumbini haiwezekani."

"Si lazima ukumbini. Mna ile stoo ya zana. Liwekeni humo, lisinyeshewe, mlango ufungwe. Mwanangu, nakuomba."

Mkuu hakuwahi kumsikia mzee huyu akiomba.

"Sawa, hilo linawezekana. Ufunguo akae nao nani?"

"Yeyote," alisema Mume wa Dereva. "Asiwe mimi."