Kiungo cha Hita

Gari lilikuwa la mume wangu, stesheni wagoni ya zamani, nyeupe, rangi imeanza kuchubuka kwenye boneti. Alipofariki, watu wa kwao waliniambia niliuze kabla halijanimaliza. Sikuliuza. Nilikuwa na duka la chakula na dawa za mifugo Kitengela, na magunia ya pumba si kitu cha kupakia bodaboda kila siku. Tena nilikuwa na mama mkwe.

Baada ya mazishi kule Nyeri, mama mkwe alipanda gari pamoja nami na binti yangu. Ilisemekana anakuja kunisaidia mpaka shule zifunguliwe. Shule zikafunguliwa, zikafungwa, binti akaenda bodingi, na yeye akabaki. Nilimwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, kama mtoto alivyomwita. Hatukuwa watu wa maneno mengi. Asubuhi alichemsha chai, mimi nikaenda dukani, jioni tukamenya viazi pamoja tukisikiliza habari za redio ya Kikuyu. Sikumbuki tukigombana hata mara moja, na sikumbuki tukizungumza juu ya marehemu zaidi ya kutaja vitu vyake: koti lake, panga lake, gari lake.

Cucu alikuwa na presha. Daktari aliyemwamini alihamishwa kutoka Kitengela kwenda Kajiado, na Cucu akakataa kuonwa na mwingine. Kwa hivyo kila mwezi nilifunga duka nikampeleka.

Kajiado kulikuwa pia na mtu ambaye Cucu hakumjua. Alikuwa daktari wa mifugo, Mmaasai wa huko huko, mke wake alikuwa amekufa zamani kidogo na watoto wake walikuwa wakubwa. Tulijuana kwa sababu ya dawa za kupe. Alikuwa ameniuliza kama ningekubali anioe, nami nikamwambia anipe muda. Hakuuliza muda wa nini. Nafikiri alielewa kwamba muda wenyewe ulikuwa ni yule mama aliyekuwa akinichemshia chai.

Siku hiyo ilikuwa Julai, na asubuhi za Julai huku kwetu zina baridi ya kuingia mifupani. Nilikuwa nimewasha hita kwa ajili ya magoti ya Cucu. Tulipopita Isinya, niliona kioo cha mbele kimeanza kuingia ukungu na nikasikia harufu tamu, kama sukari inayoungua kwenye sufuria. Kisha mshale wa joto ukaanza kupanda.

"Ni nini inaungua?" Cucu akauliza.

"Ni maji ya gari. Yanamwagika."

"Basi zima."

Nilitoka barabarani nikazima. Mvuke ulikuwa unatoka chini ya boneti pande zote. Nilingoja upungue, nikafungua. Nyuma ya injini, karibu na ule ukuta unaoitenga na dashibodi, kuna mipira miwili: mmoja hupeleka maji ya moto kwenye hita na mwingine huyarudisha. Mmoja ulikuwa umechomoka na kulala juu ya injini. Kiungo cha plastiki kilichoushikilia kilikuwa kimekatika katikati. Nusu moja ilibaki kwenye bomba, nusu nyingine ilikuwa ndani ya mpira. Niligusa ile nusu iliyochomoka na ukingo wake ukamomonyoka kwenye vidole kama mkate wa juzi. Plastiki hiyo ilikuwa imepikwa na joto miaka yote hiyo na hakuna aliyeifikiria.

Nilimpigia fundi wangu wa Kitengela, simu yake ilikuwa imezimwa. Ningeweza kutafuta gari la kutuvuta. Badala yake nilimpigia yule daktari wa mifugo wa Kajiado. Nilisimama karibu na mlango uliokuwa wazi, kwa sababu upepo ulikuwa mkali, na Cucu alisikia upande wangu wote wa mazungumzo. Nilieleza tulipo. Nilieleza kilichovunjika. Kisha aliuliza kama niko peke yangu, na nikajibu, "Niko na yeye."

Cucu alinitazama, halafu akatazama ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara.

Daktari wa mifugo alifika kwa pikapu yake yenye harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kabla ya kunisalimia mimi alienda upande wa Cucu, akainama dirishani.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," Cucu akajibu. Hiyo salamu ya Kimaasai, na hilo neno yeyo, yaani mama, alikuwa ameyajua sokoni, kwa akina mama wauza maziwa.

Hakukuwa na kiungo cha kubadilisha pale njiani. Alichofanya ni kuuchomoa pia mpira wa pili, akaikutanisha yote miwili kwa kipande kifupi cha bomba la chuma alichokitoa nyuma ya pikapu, akakaza klipu. Kwa njia hiyo maji yangezunguka ndani ya injini bila kupitia kwenye hita. Alingoja injini ipoe kabisa, kisha akajaza radieta polepole kutoka kwenye mtungi aliokuwa akibeba wa kunawia mikono akishatibu mnyama. Mimi nilishika boneti, maana nguzo yake ilikuwa imelegea. Cucu alishusha kioo.

"Wewe ni fundi?"

"Hapana, yeyo. Mimi ni daktari wa ng'ombe."

"Na huyu alipata namba yako wapi?"

"Kwa duka lake. Huwa nanunua dawa huko."

"Kajiado hakuna dawa?"

Alikaza klipu tena, ingawa ilikuwa imeshakazwa. "Iko," akasema.

Cucu akapandisha kioo.

Alitufuata nyuma mpaka mjini, akapiga honi mara moja akaenda zake. Kule kliniki, presha ya Cucu ilikuwa nzuri kuliko mwezi uliotangulia, na daktari akamsifu kwa kuacha chumvi. Tulianza safari ya kurudi bila hita. Cucu alijifunika magoti kwa leso. Tulipokaribia kuona majengo ya Kitengela akauliza:

"Huyo mtu anakunywa?"

"Hapana."

"Wamaasai wengine wanakunywa sana."

"Wakikuyu pia wanakunywa."

Alifikiri. "Hiyo ni kweli," akasema.

Mwanawe, mume wangu, alikunywa. Pombe ndiyo iliyomuua, na wote wawili tulikuwapo. Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kusemwa kati yetu, na lilisemwa hivyo tu, gari likiwa linapunguza mwendo kwa sababu ya malori ya mawe.

Niliendelea kuliendesha gari namna hiyo. Asubuhi kioo kilijaa ukungu, nikakipangusa kwa kitambaa huku nikiendesha. Sikumpigia yule daktari wa mifugo simu kuhusu hita, na sikulipeleka kwa fundi pia. Sijui nilikuwa nangoja nini. Jioni moja tulipokuwa tukimenya viazi Cucu akasema, bila kuinua macho:

"Gari iko na baridi."

"Nitapeleka kwa fundi."

"Fundi ya nini? Ni huyo mtu alifunga hita. Mwambie akuje afungue."

Niliacha kisu.

"Na akuje mchana," akaongeza. "Watu wamuone akiingia kwa geti."

Nilimwita aje Jumamosi, na kabla ya siku hiyo nilienda duka la spea karibu na steji na ile nusu ya kiungo mfukoni. Mwenye duka, mzee wa Kisomali tuliyefahamiana kwa sababu mbuzi wake walikula chakula cha dukani kwangu, alikigeuzageuza akaniambia kipya cha plastiki anacho, lakini kitafanya hivi hivi tena. Alitafuta kwenye ndoo ya vitu vilivyotolewa kwenye magari mengine akapata cha shaba, akakipima kwa kukiingiza kwenye kipande cha mpira. Nilichukua hicho, na klipu mpya.

Daktari alikuja mchana. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, akalivua na kubaki na fulana kabla ya kuingia chini ya boneti. Cucu alitoa kiti chake cha kukunja akakaa kivulini, mita chache tu kutoka kwenye gari, kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi.

Kazi haikuwa rahisi. Ile nusu iliyobaki kwenye bomba ilikataa kutoka. Ukiivuta kwa koleo, inavunjika vipande, na kipande kikiangukia ndani kitaziba hita yenyewe. Aliziba ndani ya bomba kwa kitambaa, akaikwangua ile plastiki kidogo kidogo kwa kisu, akapangusa kila punje. Halafu akakata ncha ya mpira iliyokuwa imekauka na kupasuka. Hapo ndipo tulipogundua kwamba ukikatwa haufiki kwenye bomba. Ulikuwa umepungua upana wa vidole viwili tu, lakini haufiki.

"Nitaenda kuleta mwingine," nikasema.

Nilienda kwa miguu. Duka la spea lilikuwa na watu, nikangoja. Niliporudi, daktari alikuwa ameketi juu ya gunia la pumba lililokunjwa, na kikombe cha chai mkononi, na Cucu amekaa palepale. Walinitazama wote wawili kama nimeingia kanisani katikati ya maombi.

Daktari alinieleza baadaye. Cucu alimuuliza kama ana mke, akamjibu kwamba alikuwa naye akafa. Akamuuliza alikufa na nini. Kisha akamuuliza: "Ukichukua huyu, mimi naenda wapi?" Daktari akamwambia kwamba yeye alifikiri ndiye atakayehamia Kitengela, maana duka haliwezi kubebwa kupelekwa Kajiado, na pikapu yake inaweza kulala popote. Cucu akasema tangu azaliwe hajaona mwanamume akihamia kwa nyumba ya mwanamke. Daktari akasema hata yeye hajaona. Halafu Cucu akaenda kuleta chai.

Mpira mpya uliingia kwenye kiungo cha shaba kwa nguvu, kama kiatu kipya. Alikaza klipu, akaufungua na ule mpira mwingine akaurudisha mahali pake, akajaza maji. Niliwasha injini, nikafungua hita yote upande wa joto, naye akasimama kwenye radieta akitazama mapovu. Hewa iliyobaki ndani ilitoka kidogo kidogo. Kila mapovu yalipokoma aliongeza maji. Alipitisha kidole chini ya kiungo. Kilikuwa kikavu.

Cucu aliinuka, akafungua mlango wa abiria, akaketi na kunyoosha miguu kwenye tundu la hewa. Alikaa humo muda mrefu, gari likiwa limesimama uani injini ikinguruma, sisi tukiwa nje tumesimama tukimtazama.

"Iko moto," akasema mwishowe.

Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, alikuja kutoka Nakuru aliposikia kwamba naolewa. Aliniamkia vizuri, akala, kisha akamwambia mama yake afunge nguo zake, kwa sababu haiwezekani akae kwa nyumba ya mwanamume asiye wa kwao.

"Nani alikuambia nimechoka hapa?" Cucu akamuuliza.

"Mama, watu watasema nini?"

"Watasema niko Kitengela. Si ni kweli?"

Shemeji aliondoka kabla ya chai ya pili. Hatukukosana, huwa anapiga simu Krismasi.

Tulifunga ndoa katika kanisa dogo, watu wachache. Wa upande wa bwana harusi walikaa kulia na wangu kushoto. Cucu alikuja akitembea polepole na fimbo, akaketi kushoto, mstari wa mbele. Mwanamke mmoja wa kanisa alimwendea akamnong'oneza, nadhani alitaka kumpa kiti kingine nyuma, asione aibu kukaa na watu wasio wake. Cucu hakusogea. Mama yangu mzazi ndiye aliyesogea, akauweka mkoba wake mwenyewe chini ili Cucu awe na nafasi ya kunyoosha goti.

Siku hizi ni mume wangu anayempeleka kliniki Kajiado, kwa kuwa kazi yake bado iko huko. Mimi nabaki dukani. Hurudi jioni wakiwa na vumbi, kwa sababu njiani watu humsimamisha awatazamie wanyama. Cucu hashuki. Hushusha kioo, humtazama ng'ombe kwa makini, na kumwambia mwenyewe kwamba ng'ombe wake amekonda.