Kifungio Kisichoachia

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa ganzi ya vidole vyangu, wakati nje ya jengo watu walikuwa wanajifuta jasho. Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka michache tu. Hapa Guangzhou aliyetangulia kushuka kwenye ndege ndiye mzee, nami nimeyaona mambo ambayo sikuomba kuyaona. Nilikuwa nimemaliza digrii ya uhandisi wa mitambo, na kazi niliyoipata ilikuwa ya karakana, kwenye ukumbi wa theluji huko Huadu. Ndani ya jumba hilo wametengeneza kilima cha theluji, na watu hukiteremka wakiwa wamesimama juu ya mbao ndefu ziitwazo ski.

Didier alikuwa mwalimu wa watoto mle ukumbini. Ni kijana wa Lubumbashi, mcheshi, aliyejifunza kuteleza palepale hadi akawapita waliomfundisha. Kibali chake cha kuishi kilikaribia kwisha, na kituo kimoja cha kuteleza milimani huko kaskazini kilikubali kumjaribu. Akifaulu, wangemwajiri na kumshughulikia kibali. Akishindwa, arudi kwao. Kule theluji ni ya kina, laini kama unga wa muhogo, na hutakiwa ski pana ili usizame. Alizipata, akaniletea nimfungie vifungio, yaani vile vyuma vinavyokamata viatu.

Mimi ni mtu wa kufikiri mpaka fikra zenyewe zichoke. Asubuhi nzima nilichagua vifungio. Breki zake, ile mikono miwili inayoizuia ski isikimbie peke yake, zinatakiwa kuuzidi ubao upana kidogo tu: zikiwa nyembamba hazishuki, zikizidi mno zinakwaruza theluji. Wayo wa kiatu nao lazima uoane na kifungio. Kisha nikaweka kiolezo, nikasogeza alama nyuma kidogo ili ncha za mbele zielee, nikatoboa kwa keekee yenye kizuizi isije ikatokea upande wa pili, nikapuliza vumbi, nikatia gundi, nikakaza skrubu kwa mkono.

"Injinia," Didier akaniambia, "hizo nitateleza nazo mimi au nitawarithisha wajukuu?"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na polepole yako imeshanizeesha."

Hapo ndipo mama yake alipoingia, ametoka Shiling, soko la jirani, kununua mikoba. Mama Didier ana ofisi ndogo pale jengo la Tianxiu, anasafirisha mizigo ya watu kwenda Kongo. Ana desturi inayojulikana na wote: mzigo wowote, hata vijana wa ghala wameufunga vipi, lazima aurudie kwa mikono yake, akivuta kamba hadi maboksi yalie. Aliponikuta nageuza skrubu ya mwisho, ile inayoamua kifungio kiachie kiatu kwa nguvu kiasi gani, alinisogelea.

"Kaza, papa. Kaza nguvu. Ule ni mtoto wangu moja tu."

"Mama, hii haikazwi hivyo. Inategemea uzito wake, urefu wake, umri, wayo wa kiatu, na namna anavyoteleza. Kuna jedwali..."

"Ile ni mambo ya masomo," akacheka. "Mimi minajua kufunga."

Nikaiweka skrubu kwenye namba ya jedwali, nisimwambie zaidi. Ni mkubwa wangu, na kwetu mkubwa habishiwi.

Siku ya safari alimfungia mwanawe mabegi. Alipofika kwenye zile ski alichukua bisibisi, akazikaza skrubu mbele na nyuma hadi zikagoma. Hakumwambia mtu, kama asivyomwambia mteja anapourudia mzigo wake. Didier hakuangalia namba. Aliniamini.

Kule kaskazini, kwenye mteremko wa majaribio, ski moja ilijichimbia katika ile theluji laini, yeye akageuka, kiatu kisitoke. Kamba hukatikia pabovu, mwanangu, na pabovu hapo ni goti.

Mama yake ndiye aliyenirudishia ski karakanani. Nilikuwa nimeshajihukumu kwa kila tundu nililotoboa. Nikatazama namba, zilikuwa mwisho kabisa.

"Nani amegusa hapa?"

"Ni mimi." Akakaa juu ya sanduku la zana. "Mtoto nilimufunga kama mzigo."

Nilitafuta neno la kumfariji, akanitangulia.

"Na wewe ulijua. Ile siku ulinipa hesabu. Uzito, urefu, jedwali. Mbona hukusema, 'Mama, ukikaza, mguu utavunjika'? Ulinionea haya kuliko goti ya mtoto wangu?"

Didier alirudi Lubumbashi kwa magongo, kibali kimekwisha, na daktari amemwambia asahau kuteleza. Mama yake nikikutana naye Tianxiu ananisalimia vizuri, ananiuliza kama nimekula. Afadhali angenitukana. Sikudanganyi kwamba yamepita. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hakui.

Basi shika haya, hata kama mimi yamenichelewea. Vifungio chagua kwa kiatu na mwili wa mtu, usichague kwa ukubwa wa ubao peke yake. Tundu toboa moja tu na lililo sahihi, kwa maana ubao hauna subira ya kutobolewa mara mbili. Namba ya kuachia iache palipopimwa, na kabla ya kupanda iangalie tena kwa macho yako, hata ski ziwe zimelala chumbani kwa mama yako mzazi. Kinachoshika bila kuachia hakikulindi, kinakusubiri uanguke. Na ukiujua ubaya wa jambo, mwambie mkubwa wako kwa heshima, lakini utaje wenyewe: mguu, goti, maisha. Heshima inayoficha hatari si heshima.

Mungu akulindie viungo vyako, mwanangu. Akupe ulimi unaosema mapema. Na yule unayempenda, akusikie kabla hajashika bisibisi.