Mikeka Niliyoichoma Garissa

Kila nikifika mahali pa kulala, kitu cha kwanza ninachofanya ni kukipindua kitanda. Napapasa viungo vya mbao kwa kidole, nachungulia mafundo ya kamba, nanusa. Wenyeji wangu hudhani mimi ni mtu wa usafi kupindukia, nami huwaacha wadhani hivyo. Ni rahisi kuliko kuwaeleza habari za Garissa.

Nilihamishiwa huko nikiwa na miaka ishirini na minne, karani katika ofisi ya mifugo. Tangu nimalize shule sikuwa nimekaa mahali miaka miwili mfululizo. Nilipenda kufunga mizigo kuliko kuifungua. Mali yangu ilikuwa sanduku la bati, taa ya chemni, na kitanda cha kamba nilichokinunua Mombasa nilipokuwa nikiishi na wanaume wenzangu katika nyumba moja karibu na stesheni. Kitanda hicho kilipanda kila lori nililolipanda. Watu walinicheka. Niliwajibu kwamba siwezi kulalia kitanda cha mtu nisiyejua ana nini.

Garissa nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kisomali, mjane aliyeuza maziwa sokoni. Uani kwake kulikuwa na vyumba viwili vya udongo, kimoja changu, kingine chake na binti yake. Chumba changu ndicho kilichokuwa kikavu, kwa hiyo pembeni alikuwa ameweka mikeka minane mizito, iliyosukwa kwa nyuzi za magome na kufungwa kwa kamba za ngozi. Siku ya kwanza aliniomba radhi.

"Karani, vumilia kidogo. Hii ni nyumba ya binti yangu."

Wasomali wa malishoni huinamisha fito zikawa kama kuba, kisha wakazifunika kwa mikeka ya namna hiyo. Wakihama, nyumba nzima hupanda juu ya ngamia. Binti akiolewa, mama yake ndiye anayempa mikeka, na watu wa upande wa bwana huja kuitazama kwa macho makali. Minane hiyo mama na binti walikuwa wameisuka kwa miaka minne. Miwili ya mwisho waliimalizia malishoni kwa shangazi yake binti, na ilikuwa imeletwa juzi tu. Harusi ilikuwa baada ya Ramadhani.

Wiki ya pili nikaanza kuumwa. Niliamka na vipele vimejipanga mstari shingoni na mikononi, vinawasha hata nikashindwa kushika kalamu. Nikaisogelea ile mikeka, nikaipekua, na ndani ya mshono wa mmoja nikamkuta mdudu bapa, wa kahawia. Nilimtia kwenye kibiriti, nikamwita mama mwenye nyumba.

Alimtazama, akatabasamu. "Huyu ni kupe ya ngamia, karani. Amekuja na mkeka kutoka nje. Yeye hana haja na wewe. Nitaanika jua, nitafukiza."

Akaanika siku mbili, akaifukiza kwa ubani na kuni za kunukia mpaka nguo zangu zote zikanukia harusi. Nikaendelea kuumwa.

Hapa ndipo ninapoona haya hata leo. Kazi yangu ilikuwa kunakili taarifa za mifugo. Neno kupe nililiandika mara nyingi kwa siku, pamoja na maelezo yote ya miguu yake na anavyong'ang'ania ngozi. Na kunguni nilikuwa nimelala nao Mombasa miezi minane. Vipele vyao nilivijua, harufu yao niliijua. Lakini moyoni nilikwisha amua kwamba uchafu ni wa watu wa ngamia, si wa mtu aliyesoma. Nilimwambia mikeka ichomwe, ama sivyo nitapeleka habari ofisi ya afya, na wao hawatachoma mikeka peke yake.

Siku zile neno la mtu wa ofisi lilikuwa zito. Akasema, "Si yote, karani. Harusi iko karibu."

Nikamkubalia nusu, kana kwamba namfanyia hisani. Alasiri nikaiburuta minne hadi nyuma ya ua, nikamwaga mafuta ya taa, nikawasha mwenyewe. Nyuzi zile ziliungua polepole, kama nywele. Binti alisimama mlangoni, akasema jambo kwa Kisomali, na mama yake akamnyamazisha kwa neno moja. Minne iliyobaki wakaihamishia chumbani kwao.

Siku sita baadaye mama alinikuta uani najikuna kwa kijiti.

"Mikeka imekwenda," alisema. "Nani anakula wewe sasa?"

Niliendelea kujikuna.

"Toa kitanda nje."

Nilikitoa. Alikiinua upande mmoja, akakibwaga chini mara tatu, kisha akaleta birika la maji yaliyokuwa yakichemka, akamimina kwenye viungo na mafundo ya kamba. Wakatoka. Walitoka wengi, wanene kwa damu yangu, wakitapatapa juu ya mchanga mweupe, na ile harufu ikapanda, harufu ya nyumba ya karibu na stesheni. Binti alikuja kutazama, mkono mdomoni.

"Hawa ni wa kwenu," mama alisema. "Wanajua Kiswahili kuliko mimi."

Binti akacheka. Mama hakucheka. Akaongeza maji. "Sisi tukihama tunakung'uta mkeka, tunafukiza, wadudu wanabaki na jivu. Wewe unahama nao, kama watoto."

Nilitaka kumwomba radhi. Nilichosema ni kwamba kamba zilikuwa za zamani.

Harusi ilifika, nami nikaalikwa kama mpangaji. Wanawake walikuwa wameisimamisha nyumba uwanjani nje ya mji. Upande wa mlango ulifunikwa kwa mikeka minne, mizuri sana. Upande mwingine ulikuwa magunia ya mchele yaliyoshonwa pamoja, herufi za duka zikisomeka.

Mama yake bwana aliizunguka nyumba taratibu, akashika gunia kwa vidole viwili. Nilikuwa nimekwisha jifunza Kisomali cha kutosha kuelewa alichouliza: ndugu yangu, hii ndiyo mikeka ya miaka minne?

Nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka pale. Ingetosha nisimame.

"Mchwa," alijibu mama mwenye nyumba yangu. "Mwaka huu mchwa wametumaliza." Kisha akaja na birika, akanijazia kikombe kwa kuwa mimi ni mgeni wake. Wanawake wa upande wa bwana walinong'onezana na kucheka. Binti, kwenye kivuli cha magunia, alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

Nikanywa chai.

Mwezi uliofuata niliomba uhamisho, nikapewa. Nimekaa miji mingi tangu hapo, na hakuna ninaoukumbuka kwa hamu kama ule. Mara mbili nimepita Garissa nikielekea Liboi, na mara zote mbili lori lilisimama kuchukua maji karibu na soko la maziwa. Sikushuka.