Marobota ya Masika

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Bertha ni kwamba alikunywa chai peke yake. Saa nne asubuhi wasukaji wa kiwanda chetu hapa Usagara hukaa barazani kwenye benchi refu na birika lao, naye hubaki ofisini, kiti amekigeuza, mgongo umeelekea dirishani. Kwenye lile benchi palikuwa na nafasi mbili ambazo hakuna aliyezikalia. Moja ilikuwa ya Mzee Masoud, mkuu wa wasukaji, aliyesimamishwa kazi. Nyingine, niliambiwa baadaye, ilikuwa ya Bi Bertha.

Nilikuja mwishoni mwa Aprili kujifunza kazi ya uhasibu. Kiwanda ni kidogo: tunatengeneza mikanda ya mbwa na vigogo vya paka. Kigogo ni kipande cha mti kilichozungushiwa kamba ya mkonge inayosukwa hapa hapa, paka akwaruze kucha hapo, aache makochi ya watu. Paka wa Ngamiani, mtaa wanakoishi wasukaji wetu, hukwaruza mlango wowote anaoupenda bila kununuliwa kitu, lakini Dar es Salaam na Arusha wateja wapo.

Bi Bertha ndiye mhasibu wa gharama. Kazi yake ni kulinganisha kilichopangwa na kilichotokea. Kila kigogo kimepangiwa kilo mbili za mkonge. Mwezi ukiisha, kama mkonge uliotumika umezidi mpango, lazima aseme kwa nini na nani aulizwe. Mwezi wa Machi ulizidi sana. Bei haikuwa imepanda, kwa hiyo yalikuwa matumizi, na matumizi huulizwa wasukaji. Aliandika hivyo. Mwenye kiwanda, Bwana Idarusi, alisoma, akamwita Mzee Masoud kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo wa stoo, akauchukua ufunguo.

Neno "mwizi" hakulitamka mtu. Lilifika Ngamiani hivyo hivyo.

Wasukaji hawakumtukana Bi Bertha. Walinitumia mimi. "Msomi!" msukaji mmoja, Saleha, aliniita siku moja nikipita na makaratasi. "Waambie huko ofisini mkonge tumeula. Tumeutia nazi, tukala na wali!" Wenzake wakacheka. Nyuma ya dirisha, Bi Bertha aliacha kuandika, kisha akaendelea.

Ripoti ya Aprili tuliiandaa pamoja. Mkonge ulizidi tena, zaidi ya Machi, na safari hii Mzee Masoud hakuwepo. Nilidhani Bi Bertha atafurahi, maana ilionyesha kuwa mzee hakuwa na kosa. Yeye akasema, "Bwana Idarusi atasema basi ni wasukaji wote."

Alisimama, akaniambia nimfuate stoo. Lori la mkonge kutoka upande wa Mwera lilikuwa limeshusha asubuhi ile, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Bi Bertha alikata kamba ya robota moja, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautuliza humo.

"Weka na wewe," alisema.

Juu nyuzi zilikuwa kavu. Ndani zilikuwa baridi kama kitambaa kilichokamuliwa nusu.

Zamani mkonge ulipimwa ukitoka stoo kwenda kwa wasukaji, ukiwa umekwisha kukauka. Januari mwaka huu upimaji ulihamishiwa getini, mkonge unapoingia, ili stoo isiwe na mwanya. Kiangazi hilo halikuleta shida. Masika tukawa tunapima na mvua, na maji yakihesabiwa mkonge, yakikauka yanaonekana yameibiwa.

"Nani aliuhamisha upimaji getini?" niliuliza, kwa bidii ya mtu aliyepata jibu.

"Mimi," alisema. "Na baba yangu alikata mkonge maisha yake yote. Nimekulia kwenye nyumba za kambi za shamba, nyuzi zimeanikwa mpaka mlangoni. Kila mtoto wa kambini anajua kwa nini zinaanikwa."

Jioni ile alikwenda Ngamiani, nami nikamsindikiza. Mzee Masoud alikuwa ameketi mlangoni kwake.

"Shikamoo, mzee," Bi Bertha alimwamkia.

"Marahaba, Mama Loveness. Umekuja kupima na kitanda?"

Hakutukaribisha ndani. Bi Bertha alimweleza akiwa amesimama, mwavuli ukichuruzika kando yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hayo umemwambia tajiri?"

"Kesho."

"Basi njoo keshokutwa."

Bwana Idarusi hakuyapokea vizuri. "Mama, hesabu ulizileta mwenyewe," alisema. "Leo unazikataa mwenyewe. Mwezi ujao utaniletea zipi?" Mwishoni alikubali jambo moja. Marobota matatu ya lori lile yafunguliwe, yaanikwe hadi yakauke, yapimwe tena mbele ya watu wote. Uzito ukipungua kiasi cha kufanana na upotevu, Mzee Masoud atarudishiwa ufunguo. Usipopungua, meza ya wasukaji itafungwa na kamba itanunuliwa tayari.

Tangu siku hiyo tunalisubiri jua. Mkonge umetandazwa kwenye kamba uani, na kila wingu likija tunakimbia kuuingiza, Bi Bertha mbele, viatu mkononi. Saleha naye hukimbia. Yeye na Bi Bertha hawasemezani, ila juzi nilimwona Saleha akimpokea mzigo.

Benchini bado nafasi mbili ziko wazi.

Leo kumekucha bila wingu. Mizani imetolewa stoo na kuwekwa katikati ya ua, na Bwana Idarusi amepiga simu kwamba atafika baada ya swala ya adhuhuri. Mzee Masoud amekuja amevaa kanzu, amesimama nje ya geti, amekataa kuingia mpaka aitwe. Bi Bertha anapita kati ya kamba akiziminya nyuzi, moja baada ya nyingine, na kila baada ya muda anatazama angani upande wa bahari, mvua inakotokea.